Tezo Namba 114

Jumatatu makumbusho hufungwa.
Ndiyo siku yake Hamduni bin Sabeti:
huingia mlango wa nyuma, penye mapipa na paka wawili,
hunyoosha kiganja
kama mtu anayedai chenji.

Nafungua kabati la kioo, namkabidhi
tezo namba mia moja na kumi na nne.
"Chuma na mti. Sur, karne iliyopita. Zawadi ya fundi."
Kibao hicho nilikiandika mimi, kwa Kiarabu na Kiingereza,
nikakihakiki mara tatu.
Fundi alipokisoma alicheka hata akakohoa.
"Karne iliyopita," akasema. "Basi asubuhi chai alikunywa nani?"

Aliitoa kwa mkono wake, mbele ya wapiga picha.
Wiki ya pili akarudi na kinoo ndani ya mfuko wa mkate.
Nikamwambia, hii haitachonga tena.
"Na maiti," akaniuliza, "haoshwi
kwa kuwa hendi sokoni?"

Nikakosa la kusema. Nikamchapia fomu.
Jina la mwazimaji. Muda. Sababu ya kuazima.
Kwenye sababu aliandika neno moja: makali.

Kiswahili chake ni cha gatini,
kimeokotwa Lamu, kikakolea chumvi Mkokotoni;
changu cha jikoni, cha mama yangu wa Wete,
kimekulia Maskati kati ya kinu na televisheni.
Havifanani. Lakini tukiizunguka ile sambuki ukumbini,
iliyolazwa juu ya miguu ya chuma kama mgonjwa wa wodini,
yeye akigusa, mimi nikitaja,
mkuku, mataruma, foromali,
hapo hatugombani.
Kuna mahali pengine sina jina lake.
Hunyamaza, hunitazama, kisha hunipa
neno moja kwa wiki, kama dawa.

Kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana.
Msaji unakauka. Mbao zilizobanana miaka sitini
zimeanza kuachana, polepole,
kama mke na mume walionuniana.
Fundi alisukuma sarafu ya baisa hamsini kwenye ufa:
ikaingia, ikalia ndani.
"Sifa," alisema. "Leteni sifa ya papa."
Mkurugenzi akajibu kwa barua:
harufu, wageni, zulia.

Basi yeye hunoa. Mate kidogo, mafuta, duara, duara,
sikio limeelekea chuma
kama anayesikiliza simu mbovu.
Akimaliza huinamia kabari ya mlango
akaichonga mara moja tu, kujaribu.
Kabari imekwisha nusu. Mlango hausimami;
siku hizi naushikilia kwa kiti.

Jumatatu hii mkono wake wa kulia ulitetemeka.
Hakusema kitu. Alinisukumia kinoo.
Nikanoa kombo. Akaguna. Nikanoa tena.
"Unakwangua sufuria?" Nikanoa tena,
mpaka kidole gumba changu kikafunguka
bila kuuma, mstari mwembamba,
halafu damu.
"Hapo," alisema, na akaagiza chai.
Kabari nikaichonga mimi. Yeye aliangalia ukuta,
lakini sikio lilikuwa kwangu.

Jioni nikajaza fomu kwa jina langu.
Kabla ya kufunga kabati nikaona kibanzi
kimenata kwenye ubapa wa chuma,
chepesi, kinapenya mwanga.
Kanuni zinataka nikitupe.
Nikakilaza ubavuni mwa tezo, nikachapa kibao kipya:

114 (b). Kibanzi. Mti wa mlango wa nyuma.
Sur. Leo.